MwanaHALISI: gazeti lililofungiwa hadi likahamia kwenye simu. Njooni tuweke kumbukumbu

Mwana wa Isevya (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda Tabora kumsaidia mama kupanga chumba cha marehemu baba. Chini ya kitanda kulikuwa na sanduku la bati, lile la kwendea bweni, na ndani yake magazeti matupu. Mengi ni MwanaHALISI, kuanzia 2007 hadi 2012. Yamekunjwa mara nne, kwenye mikunjo yameanza kukatika, wino umepauka, ila yanasomeka. Kwenye pembe ya juu ya kila toleo baba ameandika kwa kalamu ya bluu waliokuja kuazima: Mwalimu, Fundi Redio, Mama Chapati, Katibu. Aliyerudisha, jina lake limepigwa mstari. Toleo moja la Februari 2008 lina majina kumi na moja.

Nililala alfajiri kwa ajili ya lile sanduku, na ndiyo sababu ya uzi huu. Nataka tuandike safari ya gazeti hili kutoka karatasi hadi mtandaoni wakati waliokuwepo bado wapo.

Kwa walio wadogo: MwanaHALISI lilikuwa gazeti la wiki la siasa, la kampuni ya Hali Halisi Publishers ya Saed Kubenea. Miaka ile lilitoka Jumatano. Kwetu lilishuka na basi, kwa hiyo tulilipata Alhamisi. Baba alikuwa fundi cherehani na macho yalishaanza kumsumbua, basi nikitoka shule ananikalisha kwenye benchi la wateja nimsomee. Nikiruka aya anajua. "Rudi pale," anasema, huku mguu haujaacha kukanyaga cherehani.

Hiyo ndiyo miaka ya kashfa za Richmond, ule mkataba wa umeme wa dharura, na EPA, fedha zilizochotwa Benki Kuu. Septemba 2007 Dk. Slaa wa CHADEMA alisoma Mwembeyanga, Dar es Salaam, orodha ya watu aliowatuhumu kwa ufisadi. Usiku wa Januari 5, 2008 watu walivamia ofisi ya gazeti Kinondoni, wakammwagia Kubenea tindikali usoni na kumkata panga Ndimara Tegambwage, mwandishi mkongwe aliyekuwa naye. Kubenea alipelekwa India kutibiwa macho. Mwezi mmoja baadaye, Februari 7, Lowassa akajiuzulu uwaziri mkuu bungeni kwa ajili ya Richmond. Nadhani mmeshaelewa kwa nini toleo la Februari lina majina kumi na moja.

Oktoba mwaka huohuo serikali ikalifungia gazeti miezi mitatu. Julai 30, 2012 likafungiwa bila kikomo, baada ya habari za kutekwa na kuteswa kwa Dk. Steven Ulimboka, kiongozi wa madaktari waliokuwa kwenye mgomo, aliyeokotwa msitu wa Pande akiwa hajiwezi. Sanduku la baba linaishia hapo. Aliendelea kuishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakuanza sanduku jingine.

Mahakama Kuu ililifungulia Septemba 2015, miaka mitatu imeshapita. Likarudi mezani, na Septemba 19, 2017 likafungiwa tena, safari hii miezi 24. Leo ukimtajia kijana MwanaHALISI anajua MwanaHALISI Online na MwanaHALISI TV ya YouTube. Karatasi haijui.

Msimamo wangu nauweka mapema ili tujadiliane vizuri. Gazeti hili halikuhamia mtandaoni kwa mipango ya biashara kama tunavyosoma kuhusu magazeti ya Ulaya na Marekani. Lilisukumwa. Lilipofika huko likapata watu wengi kuliko liliowahi kuwa nao, lakini likapoteza kitu ambacho hakisemwi sana: siku saba. Mwandishi wa gazeti la wiki alikuwa na siku saba za kufuatilia nyaraka moja, kurudi kwa mtu yuleyule mara tatu, kulinganisha tarehe. Mtandao hauna Jumatano. Kila saa ni siku ya kutoka.

Karibuni. Wenye kumbukumbu za mezani, chumba cha habari, mtambo, mahakamani, tuwekeeni hapa.


Meza ya Manzese

Mkuu umenigusa. Mimi nimeuza magazeti tangu 2003, meza yangu iko njia panda, sitaitaja zaidi.

Jumatano ya MwanaHALISI ilikuwa na utaratibu wake. Mzigo unaufuata alfajiri, saa kumi na moja uko mjini. Siku nyingine zote unachukua kwa mahesabu, kwa sababu yasiyouzwa yanarudi na wakala hapendi marejesho makubwa. Jumatano nilikuwa naomba kuongezewa na bado saa nne asubuhi nimemaliza. Watu walikuwa wananitumia mtoto na hela mkononi: "Baba amesema umwekee." Nilikuwa na daftari la waliowekewa, na kulikuwa na wakubwa mle ambao hawakutaka kuonekana wamesimama mezani kwangu. Nilikuwa nalikunjia ndani ya gazeti la michezo nampa dereva.

Ile Jumatatu ya Julai 2012 tulisikia redioni. Jumatano watu walikuja kama kawaida. Nilipowaambia halipo, wengine walisimama tu wanaangalia meza. Mzee mmoja alinunua gazeti jingine, akasoma kichwa cha habari, akaliacha palepale juu ya meza.

Kuhusu simu: mwanzoni watu walisoma vichwa vya habari mezani bila kununua, hilo tumelizoea, na wengine walisubiri redio na televisheni ziwasomee kurasa za mbele asubuhi. Halafu wakaanza kupiga picha ukurasa wa kwanza. Kisha gazeti zima likawa linazunguka WhatsApp kabla mimi sijafungua meza. Siwalaumu. Mia tano ni nusu ya mboga. Ila ile mia tano ndiyo iliyokuwa inamlipa mwandishi, na ilipitia mkononi kwangu, kwa hiyo nilijua lini imepungua.


Fundi wa Kurasa

Naomba niongeze upande wa chumbani na mtamboni. Nilipanga kurasa kwenye magazeti ya wiki kwa miaka tisa. Sitataja ni yapi.

Watu wanadhani gazeti kali linaingiza hela sana kwa sababu linaisha mezani. Sivyo. Gazeti la kila siku linaishi kwa matangazo: zabuni za serikali, benki, kampuni za simu. Gazeti la siasa linalouma linanyimwa. Serikali haiwezi kulipa anayeikosoa, na kampuni binafsi inaogopa kuonekana kwenye ukurasa ule. Kwa hiyo unaishi kwa nakala. Karatasi inalipiwa, mtambo unalipiwa kabla ya kuchapa, na hela ya mauzo inarudi kwa wakala wiki kadhaa baadaye ikiwa imeshakatwa marejesho. Likifungiwa wiki nne tu, mtaji umekwisha. Hesabu basi miaka mitatu.

Na kuna kitu kilichotutisha kuliko kufungiwa. Mwaka 2016 gazeti la Mawio lilishafutwa na serikali Januari. Baadaye wakapelekwa mahakamani kwa uchochezi wahariri wake wawili na Tundu Lissu, na pamoja nao mtu wa kiwanda cha uchapaji. Mchapaji! Mtu ambaye kazi yake ni kupokea kurasa, kutoa sahani za kuchapia, na kuwasha mtambo. Tangu siku ile ukipeleka kazi unaona meneja anasoma. Zamani alikuwa anaangalia rangi na idadi ya kurasa, sasa anasoma habari ya kwanza neno kwa neno, anapiga simu, anarudi anasema mashine ina hitilafu. Nimeambiwa mashine ina hitilafu mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa naisikia ikinguruma ndani.

Kwa hiyo mleta uzi, unaposema gazeti lilisukumwa, ni kweli, na mtandaoni kulikuwa na nafuu ambayo msomaji haioni. Hakuna mchapaji wa kuogopa kwa niaba yako. Hakuna basi. Hakuna wakala. Usiku ule habari ikiwa tayari, imetoka.

Siku saba ulizosema nazikubali. Nilikuwa naletewa habari ya ukurasa wa kwanza Jumatatu usiku ikiwa imeshasomwa na watu watatu. Sasa hivi vijana wangu wa mtandaoni wanaandika wakiwa kwenye bodaboda, na anayehariri ndiye anayepiga picha.


Mtoto wa Heru Juu

Shikamooni wakubwa. Mimi nina miaka 24, nimekulia Kasulu vijijini, na naomba nitofautiane na mleta uzi kwa heshima.

Sijawahi kununua gazeti. Sio kwa ubishi, halikuwahi kufika. Gazeti kwetu lilikuwa la kufungia maandazi, na habari zake zilikuwa za miezi mitatu nyuma. Mara ya kwanza kusikia mkutano wa waandishi wa habari kutoka mwanzo hadi mwisho, bila mtu kunichagulia kipande, ilikuwa kwenye simu ya kaka yangu, kupitia chaneli kama hiyo ya MwanaHALISI TV. Nilisikia swali, nikasikia na mtu anavyojikanyaga kulijibu. Kwenye gazeti huwezi kusikia mtu akinyamaza.

Nyinyi mnahuzunikia Jumatano. Sisi hatukuwahi kuwa nayo. Watu kumi na moja wa mzee (Mungu ampumzishe) walikuwa na bahati kwamba fundi cherehani wao alikuwa na mia tano na moyo wa kuazimisha. Mtaa usio na fundi kama huyo ulikuwa gizani.

Halafu kuna jambo mmelipita haraka. Mwaka 2015 Kubenea aligombea ubunge Ubungo kwa CHADEMA, akashinda. Mwaka 2020 akahamia ACT-Wazalendo na kugombea Kinondoni. Ni haki yake kabisa. Lakini mwenye gazeti akishakuwa mwanasiasa, msomaji ana haki ya kuuliza habari inaandikwa kwa ajili ya nani. Tusiweke kumbukumbu ya kusifu tu.


Mwana wa Isevya

Mdogo wangu, marahaba. Umeandika vizuri na sehemu ya kwanza umenishinda. Gazeti la karatasi lilikuwa la mjini na la barabara ya lami. Nimekubali.

Kuhusu ubunge, hata baba alilisema. Alikuwa anamheshimu Kubenea sana kwa kilichompata 2008, lakini aliposikia amegombea aliniambia, "Sasa nitamsoma kama ninavyowasoma wengine." Akaendelea kumsoma. Nadhani ni sawa. Wanaomiliki magazeti mengi hapa nchini wana biashara au chama nyuma yao. Tofauti ni kwamba huyu tulimjua.

Ila kuhusu kunyamaza kwenye video, nikuulize: umeshawahi kuona video iliyofuatilia nyaraka moja kwa wiki tatu? Kamera inafuata anayesema. Richmond haikuibuliwa na anayesema. Iliibuliwa na watu waliokaa na makaratasi: mkataba, tarehe, anwani ya kampuni. Kamati ya Mwakyembe yenyewe, ile ya Bunge iliyochunguza Richmond, ilifanya hivyo hivyo.


Kilemba cha Sheria

Mimi ni mtu wa sheria, nimefuatilia kesi za habari kwa muda. Naweka mambo yanayowachanganya watu.

Kufungiwa kwa 2008 na 2012 kulitumia Sheria ya Magazeti ya 1976, ambayo ilimpa waziri mamlaka ya kulifuta gazeti kwa maoni yake mwenyewe. Mwaka 2016 ikaja Sheria ya Huduma za Habari, na magazeti yakatakiwa kuomba leseni upya. Zamani gazeti lilisajiliwa mara moja. Leseni ya mwaka ni kitu kingine: huhitaji kulifungia gazeti, unachelewa tu kujibu barua.

Kampuni hiyohiyo ya Hali Halisi ilikuwa na gazeti jingine, Mseto. Agosti 2016 waziri wa habari, Nape Nnauye, alilifungia miaka mitatu. Wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, na Juni 2018 wakashinda. Machi 2019 mahakama hiyohiyo ikasema vifungu kadhaa vya sheria ya 2016 vinakiuka mkataba wa Jumuiya. Kushinda walishinda. Mezani hawakurudi.

Na msidhani mtandaoni kulikuwa wazi. Machi 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Wakati ule kuomba leseni ilikuwa shilingi 100,000, leseni yenyewe 1,000,000, na kila mwaka 1,000,000 nyingine. Ukikiuka, ilikuwa faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote. Juni mwaka huo JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni, ilijifunga kwa muda kwa sababu hiyo. Blogu ndogo za mikoani nyingi zilikufa kimya. Aliyekimbia karatasi alikuta lango jingine mbele yake.

Februari 2022, Nape akiwa waziri tena, alirudisha leseni za magazeti manne kwa mkupuo: MwanaHALISI, Mseto, Mawio na Tanzania Daima. Mkono uliofunga Mseto ndio uliofungua. Nilifurahi, nisiseme uongo. Lakini gazeti si duka la kufunga kufuli leo na kulifungua kesho bidhaa zikiwa rafuni. Waandishi wameshatafuta kazi nyingine, wakala ana mizigo mingine, msomaji ameshazoea simu.


Jirani wa Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Sisi huku tulikuwa na Weekly Review ya Hilary Ng'weno, kutoka 1975 hadi 1999. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini marehemu mjomba wangu alikuwa akikaa barazani akitutafsiria kwa Kiswahili, ukurasa kwa ukurasa. Nayo ni jarida la wiki la siasa lililowahi kubanwa, na lilipokufa hakuna aliyelihamishia popote. Lilikwisha tu. Kwa hivyo ndugu zangu wa Tanzania, hata kama MwanaHALISI ya simu si ile ya Jumatano, jina liko, na watu wake wako kazini. Msilichukulie jambo dogo.


Meza ya Manzese

Kilemba umeandika "msomaji ameshazoea simu". Nataka niseme nilichokiona Oktoba 2025. Uchaguzi tarehe 29, intaneti ikazimwa nchi nzima, kwa siku kadhaa. Mtaani kwangu watu walitoka kuja kuulizia karatasi. Vijana ambao sijawahi kuwauzia kitu, wamesimama wameshika simu zisizofanya kazi, wananiuliza, "Mzee, una gazeti la leo?" Sikuwa nalo. Mabasi yamesimama, watu wamejifungia ndani kwa amri ya kutotembea usiku, na mimi mwenyewe nilitoka kuangalia tu kama meza ipo.

Sijui kama huo ni ushahidi wa chochote. Nimekumbuka tu sura zao.


Fundi wa Kurasa

Ni ushahidi, mkuu. Gazeti likifungiwa, nakala zilizokwisha kutoka zimetoka, hakuna anayeweza kuingia chini ya kitanda cha mzee wa Tabora kuzichukua. Mtandaoni ukifungiwa leseni unafungiwa na ya jana. Mwananchi Communications ni moja ya kampuni kubwa kwenye kazi hii, na Oktoba 2024 ilisimamishiwa leseni za mtandaoni siku 30 kwa sababu ya katuni ya video. Wao wana gazeti la karatasi la kushikilia. Asiye nalo anakaa siku 30 bila sauti.

Na hata bila kufungiwa, vitu vya mtandaoni vinapotea. Anwani ya tovuti isipolipiwa imekwenda. Kompyuta ya kuhifadhia ikiharibika imekwenda. Mimi mwenyewe kurasa nilizopanga miaka tisa zilikuwa kwenye diski moja, na diski iliungua. Kilichobaki ni kile ambacho watu walinunua wakatunza.

Mleta uzi, usiyaache hayo magazeti pale. Mchwa wa Tabora unaujua. Kwa sheria mchapishaji hupeleka nakala Maktaba Kuu ya Taifa, na pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuna sehemu ya East Africana inayotunza magazeti ya zamani. Lakini kabla ya kumkabidhi mtu yeyote, piga picha kila ukurasa.


Mtoto wa Heru Juu

Mimi nipo Tabora hadi mwezi wa nane, nasoma pale. Simu yangu ina kamera nzuri na sina vipindi Jumamosi. Mkuu ukiniruhusu, na mama akiridhia, naweza kuja kupiga picha. Nimewahi kusaidia kwenye ofisi ya shule kupiga picha kumbukumbu za wanafunzi. Ukiweka gazeti chini ya dirisha asubuhi, ukatandika kioo juu ili mikunjo ilale, zinatoka safi.

Nataka pia kuona jinsi habari ya siku saba inavyoandikwa. Umeniuliza swali kuhusu video na sina jibu.


Mwana wa Isevya

Nimeongea na mama sasa hivi. Anasema mtoto aje, ila ale kwanza ndipo aanze kazi. Nimekutumia namba faragha.

Sharti moja tu la mama, na naliheshimu: ile pembe yenye majina isikatwe kwenye picha. Anasema Fundi Redio na Katibu wameshafariki, Mama Chapati bado yupo na ataitwa aone jina lake.

Nimehesabu. Kuna matoleo 138. 2009 ina mapengo mengi. Na Julai 2012, mwezi wenyewe wa kufungiwa, kuna toleo moja tu, la tarehe 11 hadi 17. Juu yake kuna majina sita, matano yamepigwa mstari. Yaliyofuata hayapo. Nadhani yaliazimwa. Kama kuna mwenye la wiki iliyofuata au ile ya mwisho kabla ya Julai 30, naomba hata picha.


Meza ya Manzese

Ninalo la mwisho. Nilibaki na nakala mbili ambazo wateja hawakuja kuchukua, nikajiandikia kwenye daftari kama nimezinunua mwenyewe. Moja nakupa. Kesho naikunjia ndani ya gazeti la michezo, naiweka kwenye basi la Tabora la asubuhi. Mwambie mama itafika usiku.